Kisigino Kinauma na Hakiponi: Soma Dalili, Utafute Chanzo

Kaa kitini, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha bonyeza unyayo kwa ncha ya kidole gumba cha mkono. Anza nyuma ya kisigino, njoo katikati, pita upande wa ndani pale upinde unapoanzia, malizia chini ya vidole. Bonyeza mpaka ukucha wako uwe mweupe. Pale utakaposhtuka, tia alama kwa kalamu. Kisha jiulize mambo mawili: panauma saa ngapi, na panatulia kwa kufanya nini?

Mahali, saa na kinachotuliza: mara nyingi majibu hayo matatu yanasaidia kuliko picha ya eksirei. Vyanzo vya maumivu ya unyayo ni vingi, na tiba ya kimoja huharibu kingine. Mtu mwenye ufa kwenye mfupa akiambiwa apande na kushuka kwa vidole kila siku, anauongeza ule ufa. Mwenye mto wa kisigino (mafuta yaliyo chini ya mfupa) uliokonda akisugua kisigino kwa mpira mgumu, anajiumiza zaidi. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyepona haukufai mpaka ujue kama ugonjwa ni ule ule.

Yasiyosubiri

Kama ulisikia mlio nyuma ya mguu, kana kwamba umepigwa teke, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, kano ya kisigino huenda imekatika. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mtu abinye shavu la mguu. Mguu usio na tatizo huinamisha unyayo wenyewe. Usipojongea, nenda hospitali leo.

Nenda leo pia kama umeanguka kutoka juu ukatua kwa visigino, kama huwezi kupiga hatua nne, kama mguu ni mwekundu, una joto na una homa, au kama shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma ghafla, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Mwenye kisukari ana kanuni yake. Kidonda chochote cha unyayo ni cha kuonwa haraka, hata kama hakiumi. Vilevile mguu mmoja uliovimba na kupata joto bila kidonda wala homa: mifupa huweza kuwa inasagika kimyakimya kwa sababu neva zimekufa na hazitoi onyo. Usiukanyagie mpaka uonwe.

Hatua ya kwanza ya asubuhi ni kama msumari, kisha maumivu yanapungua

Hiki ndicho kisa cha kawaida kuliko vyote. Alama ya kalamu iko chini ya kisigino, upande wa ndani, mbele kidogo. Ukitembea dakika chache panalegea, ukikaa muda mrefu na kuinuka panauma tena, na jioni baada ya kusimama kutwa panauma kwa namna nyingine, maumivu mazito ya uchovu.

Tatizo liko kwenye ukanda wa unyayo, utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vizizi vya vidole. Kwenye cheti daktari huandika plantar fasciitis. Kila unapoinua kisigino na vidole kukunjika kwenda juu, ukanda huo hukazwa kama kamba inayozungushwa kwenye roda, na upinde wa mguu unasimama imara. Usiku unyayo hulala umeinama, ukanda hukaa umelegea na kukakamaa. Hatua ya kwanza inauvuta ghafla pale ulipochoka.

Kuhakikisha, simama, mtu akuinulie kidole gumba cha mguu kwa nguvu kuelekea juu. Maumivu yakija kisiginoni, karibu umepata jibu. Yasipokuja haimaanishi huna, kwa hiyo usitegemee kipimo hicho peke yake.

Kuhusu ule "mwiba" wa mfupa unaoonekana kwenye eksirei: watu wengi wanao na hawaumwi chochote, na wengine huumwa bila kuwa nao. Usikubali upasuaji kwa sababu ya mwiba tu.

Chanzo karibu kila mara ni mzigo uliopanda haraka kuliko mguu ulivyoweza kuzoea. Kazi mpya ya kusimama, uzito ulioongezeka, mbio zilizoanzwa kwa pupa, wiki kadhaa za kutembea peku kwenye sakafu ngumu. Shavu la mguu lililokaza huongeza mvuto. Lipime hivi: simama ukitazama ukuta, ncha ya kidole gumba iwe sentimita 10 kutoka ukutani, kisigino kikae chini, kisha peleka goti liguse ukuta. Likishindwa kufika, au miguu ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2, shavu hilo linahitaji kunyooshwa.

Tiba huenda kwa mpangilio huu, na mpangilio una maana.

*Kabla ya kukanyaga.* Ukiwa bado kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, shika vidole vyote vuta kuelekea ugoko. Mkono wa pili upapase unyayo: lazima uusikie ukanda umekaza kama waya. Usipousikia, unavuta vidole tu. Shikilia sekunde 10, mara 10. Rudia mara mbili nyingine mchana, hasa kabla ya kuinuka baada ya kukaa sana.

*Viatu pembeni ya kitanda.* Miguu iingie kwenye kiatu kabla haijagusa sakafu. Kisiwe ndala bapa. Kiwe na kisigino kilichoinuka kidogo, kama sentimita 1 kuliko mbele, na kinachokumbatia upinde. Wengi hufanya mazoezi yote vizuri kisha hutembea peku jikoni na bafuni kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, wakashangaa hawaponi.

*Kunyoosha shavu.* Mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, kisigino chini, vidole vitazame mbele moja kwa moja. Goti limenyooka sekunde 30, mara 3. Kisha kunja goti kidogo bila kuinua kisigino, sekunde 30, mara 3, kwa sababu msuli wa ndani haunyooshwi vizuri goti likiwa limenyooka. Mara mbili kwa siku.

*Kutia nguvu.* Hapa ndipo watu wanapoacha, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kunja taulo liwe bunda nene, liweke kwenye ukingo wa kidato cha ngazi, vidole vikae juu yake ili vikunjike kwenda juu. Shikilia ukuta. Panda kwa mguu mmoja sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka sekunde 3. Usifanye kila siku, fanya siku moja na kuruka moja. Anza na seti 3 za marudio 12 yanayokuchosha kwelikweli. Baada ya wiki 2, beba begi mgongoni lenye vitabu au chupa za maji, zito kiasi kwamba huwezi kupita marudio 10, seti 4. Baada ya wiki 2 nyingine, uzito usiokuruhusu kupita marudio 8, seti 5. Ukishindwa kupanda kwa mguu mmoja, anza na miwili.

Makosa ya zoezi hili yanajulikana: kupanda na kushuka haraka kama unaruka kamba, kusahau taulo, kulifanya kila siku kwa bidii, na kuacha wiki ya 3 kwa sababu "halisaidii". Ukanda wa namna hii hubadilika polepole. Hesabu miezi 3 kabla ya kutoa hukumu.

Je, kuuma wakati wa zoezi ni vibaya? Hapana, mradi isizidi 4 au 5 katika 10. Kipimo kiko kesho yake: hatua ya kwanza ya asubuhi. Kila siku ipe alama kutoka 0 hadi 10 na uiandike. Ikipanda kuliko jana, mzigo wa jana ulizidi, punguza. Ikibaki pale pale, ulikuwa sawa. Linganisha wiki na wiki, maana siku moja mbaya haisemi kitu.

*Plasta ya kubana.* Inafaa kwa siku za kusimama sana. Ngozi iwe safi na kavu. Tumia plasta isiyovutika ya upana wa sentimita 2.5. Ukanda wa kwanza uanzie pembeni, kwenye kizizi cha kidole kidogo, uzunguke nyuma ya kisigino, uishie kwenye kizizi cha kidole gumba. Kisha pitisha vipande 4 au 5 chini ya unyayo kutoka upande wa nje kwenda wa ndani, kila kimoja kikifunika nusu ya kilichotangulia, ukiinua upinde kidogo. Usizungushe juu ya mguu ukafunga duara, utakata damu. Iondoe baada ya siku 1 au 2, au mara moja ikiwasha.

*Barafu, dawa, sindano.* Chupa ya maji yaliyoganda, ikiwa imefungwa kitambaa, iviringishe chini ya unyayo dakika 10 jioni. Inatuliza, haiponyi. Mwenye ganzi ya miguu asitumie. Vidonge vya aina ya ibuprofeni ni vya siku chache, na si vya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpaka aongee na daktari. Jeli ya kupaka ni salama zaidi kwa wengi. Sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, lakini huweza kukonda mto wa kisigino na hata kuchana ukanda wenyewe. Ukichomwa, usiutumie unafuu huo kurudi kukimbia.

Katikati ya kisigino panauma kama umekanyaga jiwe, na kadiri unavyosimama panazidi

Huu si ukanda. Asubuhi si mbaya sana, sakafu ngumu ndiyo adui. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta uliogawanywa vyumba vidogo vidogo, na kwa umri, uzito au sindano za kurudiarudia hukonda au kutawanyika pembeni.

Pima: bonyeza katikati, kumbuka kiasi cha maumivu. Sasa binya kisigino kutoka pande zote mbili kwa mkono mmoja ili nyama ijikusanye chini ya mfupa, bonyeza tena. Ukiumia vilevile au zaidi ya mwanzo, si mto. Ukipata nafuu ya wazi, ni mto. Tiba nayo ni kuiga kile ulichofanya kwa mkono: kikombe cha kisigino chenye kuta ndefu kinachokusanya mafuta yasitawanyike, au plasta inayozunguka kisigino. Soli laini bapa peke yake haitoshi, kwa sababu mafuta yanazidi kukimbilia pembeni. Acha kusugua na kukanda.

Maumivu yako ndani ya mfupa, yanazidi kwa kila hatua na hayaondoki hata ukikaa

Weka viganja pande zote mbili za kisigino, ubane kama unavyobana chungwa. Maumivu makali kwa kubana pembeni, hasa kama wiki chache zilizopita uliongeza mbio, matembezi marefu au kubeba mizigo, yanaashiria ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo huweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo picha nzuri isikutume urudi kukimbia. Acha mazoezi ya kuruka na kukimbia, muone daktari, na umweleze kama una mifupa dhaifu, kama hedhi zako zimekatika, au kama umetumia steroidi muda mrefu. Ufa wa namna hii hutokea pia kwenye mifupa mirefu ya katikati ya mguu: uvimbe juu ya mguu na sehemu moja inayouma ukiigusa kwa ncha ya kidole.

Panauma nyuma ya kisigino, siyo chini

Tafuta urefu. Sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, pakiwa pamevimba kama fundo, ni mwili wa kano. Pale kano inaposhikana na mfupa, ni mzizi wake. Tofauti hii inabadilisha zoezi la kupanda na kushuka kwa vidole kwenye kidato: mwenye tatizo la mwili wa kano ashushe kisigino chini ya kidato, na mwenye tatizo la mzizi aishie kwenye usawa wa sakafu, maana akishuka zaidi mfupa unaigandamiza kano. Wote wainue kisigino kwa kipande cha soli cha sentimita 1, kwenye viatu vyote viwili ili nyonga zisipishane.

Angalia ukingo wa nyuma wa kiatu. Ukiwa mgumu na unasugua uvimbe, hakuna zoezi litakalosaidia mpaka kiatu kibadilike.

Na ukiwa unatumia, au umemaliza karibuni, antibiotiki ya jamii ya siprofloksasini, sema. Dawa hizo huweza kuumiza na hata kukata kano hii, zaidi kwa wazee na wanaotumia steroidi. Wasiliana na aliyekuandikia siku hiyo hiyo, akubadilishie.

Kuwaka moto, ganzi, kuchomachoma kama sindano

Hayo ni ya neva. Ikiwa ni mguu mmoja, gonga kwa kidole nyuma ya kifundo upande wa ndani. Mshtuko ukitambaa hadi unyayoni, neva imebanwa pale. Ikiwa ni miguu yote miwili, imeanzia vidoleni na inapanda kama soksi, usihangaike na viatu. Pima sukari. Upungufu wa vitamini B12, pombe nyingi na baadhi ya dawa huleta hali hiyo hiyo, na metfomini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi huweza kushusha B12. Ganzi inayoanzia mgongoni na kushuka mguuni ina chanzo mgongoni.

Panauma mbele, chini ya vidole

Kanyaga karatasi bila kiatu, chora ukingo wa mguu, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mguu, na hili ni la kawaida mno, umepata nusu ya jibu. Maumivu ya umeme kati ya kidole cha tatu na cha nne, yanayokulazimisha kuvua kiatu na kukanda vidole, ni neva iliyonenepa kwa kubanwa. Kiatu kipana, kisigino kifupi, na kipande laini cha kuinua mifupa, kikiwekwa nyuma kidogo ya mahali panapouma. Kikiwekwa juu ya mahali penyewe kinazidisha.

Kidole gumba kilichovimba usiku mmoja, chekundu, hata shuka hukiumiza, ni jongo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Upinde wa mguu mmoja unaporomoka

Mtu akikutazama kwa nyuma anaona vidole vingi zaidi upande wa nje wa mguu mmoja, na ukijaribu kusimama kwa vidole vya mguu huo peke yake huwezi, au kisigino hakigeuki kwenda ndani. Kano inayoshikilia upinde inachoka. Usisubiri miezi, hali hii ikikamatwa mapema hutulizwa kwa soli maalumu na mazoezi, ikichelewa mguu hukakamaa ukiwa umepinda.

Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya michezo

Ni sehemu ya mfupa wa kisigino inayokua bado, kano inaivuta. Punguza michezo, inua kisigino, nyoosha mashavu taratibu. Maumivu huisha yenyewe mfupa ukikomaa. Mtoto akiwa na homa, au akiumwa usiku, hilo ni jambo lingine.

Visigino vyote viwili, na mgongo umekakamaa asubuhi

Kama una umri chini ya miaka 45, mgongo huchukua zaidi ya nusu saa kulegea asubuhi, na una macho mekundu yanayouma, magamba ya ngozi au tumbo la kuharisha kwa muda mrefu, omba kuonwa na daktari wa viungo. Kunyoosha unyayo peke yake hakutoshi hapo.

Kukagua kiatu kwa mikono

Kikunje: kipindike pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikamue kama nguo unayoisokota: kipinge. Bana ukuta wa nyuma: usiporomoke. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, kimekwisha hata kama juu kinang'aa. Raba za kukimbilia hudumu kama kilomita 500 hadi 800. Na nunua jioni, mguu unapokuwa umetanuka.

Umefanya yote, bado

Wiki 12 zikipita bila alama ya asubuhi kushuka, rudi kwenye ile alama ya kalamu. Mara nyingi imehama, au ilikuwa mahali pengine tangu mwanzo. Altrasaundi inaweza kupima unene wa ukanda. Ukizidi milimita 4 unaunga mkono hoja ya ukanda, na kipimo hicho pia huonyesha kama umechanika. Tiba ya mawimbi ya mshtuko ina nafasi yake kwa waliokwama. Upasuaji ni wa mwisho, na haufikiriwi kabla ya miezi 6 hadi 12 ya tiba iliyofuatwa kweli.

Kama yalipungua kisha yakarudi, usianze upya. Tafuta siku 3 zilizotangulia: safari ya kutwa, viatu vya sherehe, usafi wa nyumba peku, begi lililoongezwa ghafla. Rudi kwenye uzito wa wiki 2 zilizopita, endelea pale. Na anayetaka kukimbia tena asubiri alama ya asubuhi ikae chini ya 2 kwa wiki 2, aanze na dakika 1 ya mbio na 2 za kutembea, mara 8, kisha siku ya pili yake asikimbie, asome hatua ya kwanza.